Jiwe Ndani ya Bakuli la Fisi Maji

Kwanza ijulikane kwamba sauti ile hakuzaliwa nayo. Aliipata kiwandani. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye ukumbi wa kufuma nguo, mahali ambapo mashine mia mbili zilinguruma kwa pamoja, na mtu akitaka kumwambia mwenzake "nipe uzi" ilimbidi avute pumzi kutoka vidole vya miguu. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walirudi nyumbani na mikoba yao. Yeye alirudi na mkoba na sauti. Akinong'ona, jirani wa nyumba ya tatu aliitikia.

Ndiyo maana pale kwenye bustani ya wanyama hakuna aliyemwita mama huyu kwa jina lake. Walimwita Honi.

Alipata kazi hapo akiwa na miaka arobaini na tano, kazi ya kuosha vyombo katika jiko la wanyama. Msidhani jiko la wanyama ni mahali pa moto na masufuria. Ni chumba kirefu chenye vigae vyeupe, meza mbili za chuma, mizani, jokofu lenye mlango mzito, na ubao mkubwa ukutani unaosema nani anakula nini na kwa uzito gani. Asubuhi wapishi wanakata karoti, kabichi, samaki na nyama, wanapima, wanajaza mabakuli, kisha watunzaji wanakuja na mikokoteni yao kuyachukua. Mchana mabakuli yanarudi machafu. Hapo ndipo alipoingia Honi na brashi yake ya nyuzi ngumu.

Siku yake ya kwanza walitaka kumzungusha aione bustani. Hakufika mbali. Walipokuwa kwenye kidaraja cha mbao, juu ya mto mdogo uliochimbwa kwa ajili ya fisi maji, mpishi mmoja alimtania kuhusu aproni yake iliyomfika vifundoni, naye akacheka. Alicheka tu, jamani, kama mtu yeyote anavyocheka. Fisi maji wakatoweka shimoni mwao na hawakuonekana kwa siku mbili.

Labda niseme hapa kwamba fisi maji si fisi, wala hawana undugu wowote. Ni mnyama mrefu wa manyoya laini, mkia mnene, masharubu meupe, na vidole vya mbele vyepesi vinavyopapasa kila kitu. Na ni mwoga kupita kiasi. Mtunzaji wake alikuwa mzee mmoja aliyevaa viatu vya mpira masika na kiangazi, na kwa sababu hiyo akaitwa Gambuti. Gambuti alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa bustani, hata kofia hakuivua.

"Mama, yule mtu asivuke tena tangi la maji," alisema. "Akivuka, mimi nahama na wanyama wangu."

Mkuu wa bustani, mama mtaratibu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, aliona heri amani. Mpaka ukawekwa: Honi abaki jikoni na nyuma yake, na tangi la maji, lililo njiani kuelekea mtoni, asilipite kamwe. Basi kwa miaka miwili huyu mama alifanya kazi katika bustani ya wanyama bila kuona wanyama. Aliwaona kobe, kwa kuwa kobe walikaa nyuma ya jiko na hawakujali kelele za mtu. Aliiona shingo ya twiga juu ya ukuta. Mengine yote aliyaona ndani ya mabakuli.

Na mabakuli, nyie, yana maneno! Mtu mwingine angeona makombo akamwaga. Honi aliyasoma. Nyani mzee alikula kila kitu isipokuwa kabichi, ambayo aliichana vipande vyembamba na kuvitundika ukingoni mwa bakuli kama nguo zilizoanikwa. Kasuku alikula moyo wa mbegu na kuacha maganda yamekaa vilevile, ukiangalia haraka utadhani hajagusa. Nungunungu alimaliza chakula kisha akaanza kulitafuna bakuli lenyewe. Ukingo wake ulikuwa na alama za meno kuuzunguka wote. Siku ambayo bakuli la nyani lilirudi na karoti nzima nzima, Honi alipaza sauti dirishani kwamba babu anaumwa jino, na kweli daktari wa wanyama alikuta jino limeoza.  Tangu siku hiyo, kila daktari alipopita jikoni alichungulia sinkini.

Bakuli lililomnyima raha lilikuwa la fisi maji jike, yule mkubwa. Lilirudi limerambwa safi, hata magamba ya samaki hayakubaki, na ndani yake jiwe moja. Kila siku jiwe. Dogo, laini, la mviringo, la kutosha kwenye kiganja cha mtoto. Siku za mwanzo Honi alidhani limeingia kwa bahati mbaya. Baada ya wiki mbili alilivizia bakuli lile kama mtu anayesubiri barua. Mawe akayapanga kwenye kopo dirishani.

"Mzee Gambuti," aliuliza siku moja, kwa sauti ambayo yeye aliiona ya chini, "hili jiwe ni la nini?"

"Mnyama ni mnyama," Gambuti akajibu huku akisukuma mkokoteni. "Wewe osha bakuli."

Alikuwa anajua, mzee yule! Alijua vizuri sana. Ila kuna watu wakipewa kitu kizuri hukikalia.

Nyumbani, habari za mabakuli ndizo zilizokuwa kitoweo cha jioni. Mume wake alikuwa fundi saa. Alifanyia kazi sebuleni, kwenye meza ndogo karibu na dirisha, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, na kwa siku nzima hakusema maneno arobaini. Watu walishangaa wale wawili walivyoweza kuishi pamoja. Lakini kila jioni, mkewe akiwa hajavua hata viatu, fundi aliweka koleo lake chini na kuuliza, "Haya, mama watoto. Leo nungunungu vipi?" Kisha alisikiliza mpaka mwisho. Binti yao, aliyekuwa sekondari, alisema baba ndiye mtu pekee mtaani aliyekuwa na masikio ya chuma.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka asubuhi moja tangazo likabandikwa mlangoni mwa jiko. Mashine ya kuoshea vyombo ingeletwa mwisho wa mwezi. Halikusema zaidi ya hapo, na halikuwa na haja. Honi alilisoma mara tatu huku mikono ikimchuruzika povu. Kiwanda kilikuwa kimemfungia mlango, na sasa, akiwa na miaka arobaini na saba, alikuwa anakaribia kumwaga unga tena. Nani angemchukua? Alirudi sinkini akaosha bakuli la kasuku kwa nguvu hadi likalia.

Wiki hiyohiyo mvua ikanyesha.

Haikuwa mvua ya kujikinga na gazeti. Ilikuja ghafla, saa nne asubuhi, ikiwa na upepo, na ikawakuta watoto sitini wa shule ya msingi katikati ya bustani pamoja na bwana wa maelezo. Huyu bwana ndiye aliyekuwa akiwazungusha wageni na kuwaeleza habari za wanyama. Alikuwa na elimu yake, lakini siku hiyo mafua yalikuwa yamemkaba na sauti imekauka. Paa lililokuwa karibu lilikuwa la baraza ya jiko. Watoto wakajazana hapo, wameloa, wanasukumana, wanalia baridi, walimu wawili wanapiga makofi ya kuwanyamazisha na hakuna anayewasikia kwa sababu mvua inapiga bati.

Honi alitoka mlangoni na bakuli mkononi.

"NANI," aliuliza, "AMETAFUNA HILI BAKULI?"

Kimya. Watoto sitini walimgeukia kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe, sauti ile ilikuwa na kelele ya kushindana nayo, na ilishinda.

"Simba!" mtoto mmoja akasema.

"Simba ana shida gani hata ale plastiki? Tazama meno haya. Ni mawili mawili, membamba, kama patasi. Haya, nani?"

Walibahatisha tembo, mamba, panya, na mwalimu mmoja akabahatisha sungura huku akiona haya. Honi akaleta bakuli la kabichi iliyoanikwa. Akaleta maganda ya kasuku, akamwambia msichana mmoja apulize, na maganda yaliporuka bila mbegu ndani, baraza nzima ilipiga yowe. Mvua ilikatika bila mtu kujua. Watoto walikataa kuondoka. Yule bwana wa maelezo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mdomo wazi, na nyuma yake, mwavuli mkononi, alisimama mkuu wa bustani.

Mkuu alimwita ofisini kesho yake.

"Bwana wa maelezo anaondoka," alisema. "Amepata nafasi ya kusoma. Kuna watu watatu wenye vyeti wanaoitaka kazi yake. Wewe huna cheti, na sauti yako naijua, na Gambuti nitamweleza nini?" Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lakini jana nimeona watoto wanalilia mabakuli. Nimekaa kazi hii miaka mingi, sijaona. Alhamisi kuna shule inakuja. Utawazungusha wewe, njia yote, hadi mtoni. Mimi nitafuata nyuma, na Gambuti atakuwepo. Yakienda vizuri kazi ni yako. Yakiharibika, mama yangu, mashine inakuja na sina pa kukuweka."

Honi alitaka kujibu kwa heshima. Alichojibu kilisikika hadi lango kuu.

Siku tatu zile hazikuwa za mtu mwenye akili timamu. Aliazima vitabu vya binti yake vya baiolojia akavisoma jikoni, sebuleni na msalani. Alijifunza kwamba nyani ana meno thelathini na mawili, sawa na yeye, na habari hiyo akampa kila mtu aliyekutana naye, hata wasioitaka. Alivipanga viatu na vikombe mstari mmoja akavihutubia. Binti akiwa mgeni msumbufu, akiuliza maswali ya kuudhi. Fundi saa akiwa mzee wa heshima, akitikisa kichwa. Jumatano jioni fundi aliinua jicho kutoka kwenye saa aliyokuwa akiifungua.

"Unaogopa nini?" aliuliza.

"Naogopa wasinisikie."

Fundi alimtazama mkewe kwa muda, akatazama madirisha yaliyokuwa bado yanatetemeka. "Hilo," alisema, "lisikusumbue."

Maskini, hata yeye hakujua.

Alhamisi basi lilifika saa tatu kamili. Honi alisimama langoni akiwa na sare mpya iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, na nyuma yake mkokoteni wenye mabakuli sita yaliyofunikwa kitambaa. Walishuka watoto ishirini na wawili, wa miaka tisa hadi kumi na mbili, wakiwa na msisimko wa kutosha mabasi mawili. Ila kulikuwa na kitu. Walikuwa wakizungumza wote kwa wakati mmoja, na hakusikia neno. Mikono ndiyo iliyokuwa ikiruka.

Mwalimu wao, mwanamke mwembamba aliyevaa blauzi nyeusi isiyo na ua hata moja, alimpa mkono. "Sisi ni shule ya viziwi," alisema. "Nadhani mliandikiwa. Mama zungumza kawaida, mimi nitawatafsiria kwa lugha ya alama."

Mkuu wa bustani alimgeukia karani wake. Karani alitazama viatu vyake. Alikuwa ameandika idadi na saa, basi, mengine ameyasahau. Mkuu akamsogelea Honi. "Tunaweza kuahirisha," alinong'ona.

Kuahirisha hadi lini? Mwezi ulikuwa unaisha. "Hapana, mama," Honi alisema. "Tunakwenda."

Na akafanya kosa ambalo lingetarajiwa na kila mtu aliyemfahamu. Aliongeza sauti.

Alifunua bakuli la kwanza na kulipigia kelele. Bundi wawili waliamka. Watoto walimtazama yeye sekunde moja, kisha wakamgeukia mwalimu, kwa kuwa maneno yalikuwa mikononi mwa mwalimu. Honi akanyoosha kidole: "TAZAMENI UKINGO!" Mwalimu akatafsiri, watoto wakatazama ukingo, na wakati wanatazama ukingo Honi alikuwa tayari anaeleza meno, kisha miiba, kisha usiku wa nungunungu, na mikono ya mwalimu ikimkimbilia nyuma. Walipoinua macho, mazungumzo yalikuwa yameshafika kwa kasuku. Walitazamana. Mmoja akapiga miayo. Mvulana wa mbele alianza kuigiza mdomo wa Honi, ukifunguka na kufungika kama wa samaki aliyetolewa majini, na wenzake wakaangua kicheko.

Hapo jasho lilimtoka. Sauti ndiyo mali pekee aliyodhani anayo, na leo haikuwa na kazi. Gambuti alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, na uso wa mtu anayesubiri chai yake. Mkuu alikuwa anaandika kitu kwenye daftari. Honi akahisi ukumbi wa kiwanda ukimfungia milango upya, na akataka kulia, kabisa.

Mwalimu alimshika kiwiko. "Mama, samahani. Wakitazama mikono yangu hawaoni bakuli. Wakitazama bakuli hawaoni mikono yangu. Macho ni mawili tu, na kwetu ndiyo yanayosikiliza. Sema kidogo. Kisha uwaache watazame. Usiseme kabisa mpaka warudi kwako wenyewe."

"Nisiseme kabisa?"

"Kabisa."

Jambo hilo hakuna aliyewahi kumwomba na akaliweza. Lakini alijikaza kisabuni. Alilichukua bakuli la nungunungu, akaligeuza, akalitia mikononi mwa yule mvulana mwigaji, na akafyata ulimi.

Mvulana alipitisha kidole ukingoni. Akakipitisha tena, polepole. Akampa wa pembeni. Bakuli lilizunguka kwa watoto wote ishirini na wawili, na Honi alisimama akihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, kama mtu anayezuia chafya. Alifika themanini na tisa. Ndipo nyuso zikaanza kumrudia, moja baada ya nyingine, na kila uso ulikuwa na swali! Mikono ikalipuka. Mwalimu alicheka. "Wanauliza: ana meno mangapi? Anatafuna kwa hasira au kwa raha? Huyu anasema ni mnyama mwenye meno yasiyoacha kukua, kwa hiyo lazima ayapunguze. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli! Honi aliisoma Jumanne, ukurasa wa sitini na kitu, na huyu mtoto ameitoa kwenye ukingo wa bakuli peke yake. Alitaka kupiga kelele ya furaha. Akaimeza. Akaitikia kwa kichwa kwa nguvu mpaka kofia ikamwanguka.

Kuanzia hapo mambo yalishika moto. Mbele ya banda la nyani alianika kabichi ukingoni bila kusema neno, na mzee mwenyewe, kana kwamba wamepatana, akaja kwenye wavu akaanza kuchana jani lake. Kwa kasuku watoto walipuliza maganda. Maneno yake yalipungua, kutoka kumi hadi matano, kutoka matano hadi moja, na kila alivyopunguza ndivyo walivyomsogelea. Mkuu alikuwa ameacha kuandika. Daftari lilikuwa limefungwa kwapani.

Likabaki bakuli la mwisho, na tangi la maji lilikuwa hapo mbele. Gambuti alisimama katikati ya njia.

"Mama," alisema, akimwangalia mkuu na si Honi, "wanyama wangu watalala njaa leo."

"Wapishe, mzee," alisema mkuu.

Honi alivuka.  Alilifunua bakuli, tupu, limerambwa, na ndani yake jiwe. Watoto wakalitazama, wakalinusa, wakalipima kwa viganja. Msichana mmoja, mdogo kuliko wote, mwenye pengo la jino mbele, alilitia mfukoni na akaamriwa alitoe. Kisha wote wakamrudia Honi na swali moja, na hakuhitaji tafsiri: la nini?

"Sijui," Honi alisema.

Mwalimu alisita. "Niwaambie hujui?"

"Waambie sijui. Miaka miwili naletewa mawe, na huyo anayeniletea sijawahi kumwona. Leo tutamwuliza pamoja."

Watoto walichangamka kwelikweli. Mtu mzima asiyejua! Mwalimu akaonya kwamba wasipite kwenye kidaraja, kwa sababu mbao hubeba mshindo wa miguu, na wao viziwi wanaujua mshindo kuliko wenye masikio. Wakavua viatu. Wakapita kwenye nyasi, wakakaa chini ukingoni, bega kwa bega, na yule mwigaji akawekwa katikati ya wasichana wawili wakali ili atulie. Honi akakaa nao. Gambuti alibaki nyuma, amenuna.

Dakika tano. Maji yalipita. Dakika kumi. Koo lilimwasha Honi mpaka machozi yakamlenga, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alisikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia: unyasi ukikatika, pumzi ya mtoto wa kando yake, mlio mdogo wa tone. Akawaza juu ya mashine inayokuja. Akawaza kwamba hawatatoka, na jua linapanda, na basi linasubiri. Hakuna aliyetikisika.

Kisha maji yakafanya mstari.

Kichwa kikatoka, bapa, chenye masharubu meupe yanayochuruzika. Akawatazama. Nyuso ishirini na tatu zikamtazama yeye. Akapanda jiwe kubwa lililokuwa hatua tano kutoka kwao, akajikung'uta, akalala chali pale juani kana kwamba yuko chumbani kwake. Akapeleka mkono kwapani, kwenye mkunjo wa ngozi, na akatoa jiwe dogo.

Akalirusha. Akalidaka kwa mkono wa pili. Akalibingirisha kifuani, likapanda shingoni, likashuka, akalidaka kabla halijaanguka, akalirusha tena, upesi upesi, mkono huu, mkono ule, macho nusu yamefumba. Alikuwa anacheza! Hakuna zaidi ya hapo. Ameshiba, anacheza, na kila siku akimaliza mchezo alikuwa akilitupa jiwe ndani ya bakuli kama mtoto anayerudisha mpira wake sandukuni.

Watoto hawakupiga kelele. Mikono arobaini na minne ilipanda hewani na kutetemeka, vidole vimekunjuliwa, ambavyo ndivyo wanavyoshangilia wao, na fisi maji hakushtuka hata kidogo. Honi alikuwa amejiziba mdomo bado, na machozi yalikuwa yanapita katikati ya vidole vyake. Miaka miwili! Alikuwa anamwoshea bakuli mchezaji huyu miaka miwili.

Nyuma yake Gambuti alivua kofia. "Mbele ya watu," alimnong'oneza mkuu, "hajawahi. Mimi mwenyewe humwona alfajiri tu, nikiwa peke yangu." Akaikunja kofia na kuikunjua. "Mimi sina neno juu ya mama huyu. Avuke tangi apendavyo. Ila asicheke."

Mkuu alimsubiri Honi kwenye nyasi, mahali pa kuvalia viatu. Hakuzunguka. "Wale watatu nitawaandikia leo," alisema. "Jumatatu uje ofisini tukupe ratiba ya shule."

 Honi akabaki anatikisa kichwa juu na chini, na kumshika mkuu mkono, na kuuachia, na kuushika tena.

Langoni watoto hawakupanda basi. Walikuwa wameunda duara na walikuwa wanabishana vikali, mikono ikikatizana. Honi alimwuliza mwalimu kama kuna ugomvi.

"Wanakutafutia jina," alisema mwalimu. "Jina la alama. Kwetu mtu hajipi mwenyewe, na wenye kusikia hawawezi kumpa. Viziwi ndio wanaokupa, wakikutaka. Mimi nilikaa nao mwaka mzima kabla sijapewa langu."

Mvulana mwigaji alipendekeza mdomo wa samaki, ukifunguka na kufungika. Wengi walicheka, na Honi naye alicheka, akijiandaa kulipokea, kwa kuwa alizoea majina ya namna hiyo. Lakini yule msichana mdogo mwenye pengo alimsukuma kando. Alikataa kwa kichwa, kwa mabega, kwa mwili mzima. Akamjia Honi, akasimama mbele yake. Akaunganisha viganja vyake viwili kama bakuli, akaliinua bakuli hilo hadi kifuani, na akainamisha uso kutazama ndani yake, macho makubwa, kwa muda. Kisha akalisogeza kwa mwenzake atazame naye.

Duara lote liliitikia. Hakuna aliyepinga, hata mwigaji.

Honi alijaribu. Alikunja viganja vibaya, msichana akamshika vidole, akavinyoosha kimoja kimoja, akamwonyesha upya. Akajaribu tena. Alisahau kuinamisha uso. Msichana akamgusa kidevu na kukishusha. Mara ya tatu alipatia, na mikono arobaini na minne ikamrudishia jina lake pale langoni, na ikaendelea kumrudishia kutoka kwenye madirisha ya basi. Alisimama barabarani akiwajibu, viganja kifuani, bila kusema neno, mpaka basi likapinda kona.